Dhidi ya Kuhesabu Huduma: Namna ya Kuipima Nyumba ya Wageni ya Pwani

Miongoni mwa wasafiri wa Afrika Mashariki wanaojipangia likizo ya pwani, pamoja na wale wanaowauzia malazi, umeenea mtazamo mmoja ambao haujaulizwa maswali ya kutosha. Mtazamo huo unashikilia kwamba ubora wa nyumba ya wageni hujulikana kwa kusoma orodha ya huduma zake, na kwamba kati ya nyumba mbili zenye bei moja, ile yenye orodha ndefu zaidi ndiyo bora. Kiyoyozi kipo, maji ya moto yapo, intaneti ipo, runinga ipo, bwawa la kuogelea lipo, kifungua kinywa kimo ndani ya bei: mpangaji likizo huhesabu, hulinganisha, kisha hulipa. Makala haya yanaupinga mtazamo huo. Yanadai kwamba orodha ya huduma, kwa namna inavyotumika sasa, haimwelezi msafiri jambo analohitaji kulijua; kwamba humpotosha zaidi katika nyumba ndogo kuliko katika hoteli kubwa; na kwamba mazoea ya kuhesabu yanaidhuru miji na visima vya pwani ile ile ambayo watu huiendea kupumzika.

Inafaa kwanza mipaka ya mjadala ieleweke. Nyumba ya wageni hapa ina maana ya nyumba yenye vyumba vichache, aghalabu chini ya 20, inayoendeshwa na mwenyewe au na jamaa zake, ambayo bei ya chumba hujumuisha kitanda na mlo wa asubuhi. Mifano imechukuliwa katika maeneo matatu ambako nyumba za aina hiyo ni nyingi: Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa mwaka 2001, na vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, hasa Paje na Jambiani. Neno huduma linatumika kwa mapana yake, yaani kila kifaa na kila kazi ambayo mwenye nyumba huitangaza ili kumvuta mgeni.

Mtazamo unaopingwa haukuzuka bure. Chimbuko lake ni hoteli kubwa, na ndani ya hoteli kubwa una mantiki. Utaratibu wa kupanga hoteli kwa nyota, ambao nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimeuwekea vigezo vya pamoja kuanzia nyota moja hadi tano, humtaka mkaguzi aangalie, pamoja na mengine, vifaa vilivyomo. Hoteli yenye vyumba 200 huwa na jenereta yake, mafundi wa zamu, matangi ya akiba na pengine mtambo wake wa kusafisha maji, kwa hiyo kiyoyozi kikiandikwa kuwa kipo, msafiri anaweza kudhani bila kukosea sana kwamba kitafanya kazi usiku kucha. Nyumba yenye vyumba vinane haina mafundi wa zamu. Inategemea umeme wa mtaa, maji ya mtaa na fundi anayeitwa kwa simu, na hapo ndipo kuwepo kwa kifaa na kufanya kazi kwa kifaa hicho kunapoachana. Kinachomfaa mgeni katika nyumba kama hiyo ni uthabiti wa huduma, yaani uwezo wake wa kupatikana saa ile inapohitajiwa, kwa kiwango kile kile, kila siku ya kukaa kwake. Na uthabiti ni sifa ambayo orodha haina mahali pa kuiandika.

Umeme unaonyesha jambo hilo waziwazi. Kisiwa cha Unguja hupata umeme wake kutoka Tanzania Bara kwa kebo zilizolazwa chini ya bahari, kati ya Ras Kiromoni na Fumba, na kebo ya kwanza ilianza kazi mwaka 1980. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani takriban mwezi mzima, na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 kikakaa tena gizani kwa takriban miezi mitatu, kipindi ambacho kiliwaelemea wenye nyumba ndogo kuliko wenye hoteli, kwa kuwa gharama ya dizeli ya jenereta haigawanyiki vizuri kwa vyumba vinane. Kebo ya pili, yenye uwezo wa megawati 100 na iliyogharimiwa na msaada wa Marekani, ilipokamilika mwaka 2013, hali ilibadilika sana, na haitakuwa haki kuisimulia Zanzibar ya leo kana kwamba bado iko mwaka 2009. Hata hivyo kukatika kwa saa chache kungalipo, na ni saa hizo chache zinazoamua kama mgeni atalala au atakesha. Kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja huhitaji umeme wa wati 1,000 hivi, ilhali pangaboi, ile feni ya darini, huhitaji wati 60 au 75. Tofauti hiyo ina matokeo ambayo wasafiri wengi hawayafikirii: betri za kawaida zenye inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumbani, zinaweza kuyazungusha mapangaboi ya nyumba nzima hadi alfajiri, lakini haziwezi kuviendesha viyoyozi vya nyumba hiyo hiyo hata kwa saa moja. Mwenye nyumba aliyeweka mapangaboi mazuri na betri anampa mgeni wake usingizi wa uhakika zaidi kuliko jirani yake aliyeweka viyoyozi bila umeme wa akiba, na bado orodha humpa jirani alama na kumnyima yeye.

Ubishi juu ya kiyoyozi hauishii kwenye umeme, kwani nyumba zenyewe zilijengwa kwa elimu ya upepo ambayo mtazamo wa kuhesabu umeisahau. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za karne ya 19 na zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, zikiwa na kuta nene zinazofikia nusu mita, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio uliowalazimisha mafundi wa kale kufanya vyumba virefu lakini vyembamba, mara nyingi visivyozidi mita tatu kwa upana. Ukuta wa aina hiyo huchelewa kupata moto mchana, na chokaa hupitisha unyevunyevu ukatoka nje. Uwanja wa ndani ulio wazi kwa juu huivuta hewa ya moto ipande na kutoka, huku madirisha marefu na vitundu vya juu ya milango vikiiruhusu hewa mpya iingie. Mafundi hao walijua kwamba kuanzia Desemba hadi Machi upepo ni wa kaskazi, na kwamba kuanzia Mei au Juni hadi Septemba ni wa kusi, na chumba ambacho dirisha lake linaupokea upepo wa msimu hulalika bila mashine yoyote kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ili kiyoyozi kifae katika chumba kama hicho, vitundu huzibwa, madirisha hufungwa kwa vioo, na ukuta hupigwa plasta ya saruji na rangi ya mafuta. Unyevu ambao chokaa ilikuwa ikiutoa hukwama ndani, ukuta huanza kubanduka na kuota ukungu, na mgeni hulipia zaidi ili alale katika harufu ya kuvu. Wahifadhi wa majengo ya chokaa wamekuwa wakionya kwa miaka mingi kwamba saruji na chokaa haviishi pamoja vizuri. Onyo hilo halijawafikia wapangaji likizo, kwa sababu hakuna orodha yenye nafasi ya kuandika kwamba ukuta unapumua.

Hapa pia ndipo pa kulitaja bafu la ndani ya chumba, huduma ambayo imekuwa kama sharti la kwanza la kila msafiri na ambayo, pengine kuliko nyingine yoyote, imezigharimu nyumba za kale. Nyumba ya mawe ya Zanzibar au Lamu ilikuwa na mahali maalumu pa maji, palipojengwa kwa kusudi hilo na kuzuiliwa yasipenye. Kulazimisha bafu na choo katika kila chumba cha ghorofa ya kwanza na ya pili kunapeleka mabomba ndani ya kuta ambazo hazikuandaliwa, na kila kiungo kinachovuja hulowesha chokaa na kuozesha ncha za boriti mahali zilipoingia ukutani, pale ambapo jicho halifiki. Juu ya paa huwekwa matangi: lita 1,000 za maji ni tani moja kamili, na paa lililojengwa kwa boriti linaposhikilia matangi manne hubeba uzito ambao fundi wake hakuuwazia. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883 la Sultani Barghash, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Hilo halikuwa kosa la wageni wala la mabafu, lakini liliwakumbusha wote wenye macho kwamba majengo haya yanaweza kuanguka. Msafiri anayeweza kuvumilia bafu la pamoja lililo safi, hatua tano kutoka mlangoni pake, anaisaidia nyumba kusimama. Asiyeweza ana haki ya kuchagua vingine. Lakini ajue kwamba anachokichagua kina gharama isiyoandikwa kwenye bei.

Maji yanastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Orodha husema bafu lina maji ya moto, na msafiri huridhika. Katika mji ambao joto la usiku halishuki sana mwaka mzima, maji ya moto ni jambo la pili au la tatu. La kwanza ni kwamba maji yatoke. Msukumo wa maji katika nyumba nyingi hutokana na kimo cha tangi peke yake, na kanuni ya fizikia haina upendeleo: mita 10 za kimo huzaa msukumo wa bar moja hivi, kwa hiyo tangi lililoinuka mita mbili tu juu ya bomba la kuogea hutoa moja ya tano ya kiasi hicho. Maana yake ni kwamba chumba cha juu kabisa, chenye upepo bora na mandhari ya bahari, ndicho chenye maji dhaifu kuliko vyote, na chumba cha chini, chenye maji ya nguvu, ndicho chenye joto na kelele za uchochoro. Nyumba ni moja, orodha ni moja, bei pengine ni moja, na bado makazi ni mawili yasiyofanana. Suala la chumvi nalo halionekani kwenye karatasi. Unguja haina mito mikubwa ya kutegemewa, na maji yake karibu yote hutoka ardhini. Katika pwani ya mashariki maji baridi hukaa kama tabaka jembamba juu ya maji ya bahari ndani ya mwamba wa matumbawe, na kisima kinachovutwa kupita kiasi huanza kutoa maji ya chumvi, ambayo hayatoi povu la sabuni, hula hita, na huwaharibia wanakijiji maji yao ya kunywa.

Ndiyo sababu bwawa la kuogelea, lile linaloipandisha nyumba daraja machoni pa wanaohesabu, linahitaji kupimwa kwa macho mengine. Mtafiti Stefan Gössling, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2001 kuhusu matumizi ya maji ya utalii Zanzibar, alikadiria kwamba mgeni wa hoteli ya pwani ya mashariki alitumia wastani wa lita 931 kwa siku, mgeni wa nyumba ya wageni lita 248, na mwenyeji wa kisiwa lita 48, na kwamba sehemu kubwa ya maji ya watalii ilikwenda kwenye kumwagilia bustani. Hoja inayotokana na takwimu hizo ni nzito. Nyumba ndogo ya wageni ilikuwa na sifa moja ya kweli ambayo hoteli haikuwa nayo, nayo ni kuishi kwa maji machache, na mtazamo wa kuhesabu huduma unaishinikiza iiache sifa hiyo ili ifanane na hoteli. Mbele ya bahari ya Hindi, katika kijiji ambacho wanawake husubiri zamu ya bomba, bwawa la pili la maji baridi haliwezi kuitwa ubora.

Lamu ilikuwa na jibu lake la zamani. Katika nyumba za mawe za mji huo, chumba cha kuogea kilikuwa na birika, yaani hodhi ya maji iliyojengwa ukutani, na humo walitiwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Hiyo ilikuwa huduma kamili: maji ya akiba, ubaridi, na kinga dhidi ya maradhi, bila waya wala pampu. Leo orodha husema chandarua kipo, basi. Haisemi kama kinafika sakafuni, kama kimetoboka, kama matangi na ndoo za uani zimefunikwa. Malaria imeshushwa sana Zanzibar, hadi kiwango cha maambukizi kikawa chini ya asilimia moja kwa miaka mingi, na hayo ni mafanikio ya kujivunia. Lakini mbu wa dengi huuma mchana, wakati ambapo chandarua kimekunjwa, na kinga yake iko kwenye usafi wa uani. Mgeni anayepima nyumba kwa akili huangalia ua kabla ya kitanda.

Dai jingine linalopotosha ni lile la ufukwe. Nyumba za Paje na Jambiani hutangaza kwamba ziko ufukweni, na ni kweli. Lakini bahari ya huko haikai mahali pamoja. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, tofauti kati ya kujaa na kupwa katika pwani ya Zanzibar hufikia mita nne hivi, na kwa kuwa sakafu ya bahari upande wa mashariki ni tambarare hadi kwenye mwamba, maji hurudi nyuma umbali mrefu sana, yakiacha mchanga, mawe, na mashamba ya mwani yaliyoanzishwa huko mwishoni mwa miaka ya 1980. Siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, saa ile ile ambayo watoto wa mgeni wameshavaa nguo za kuogelea. Siku za maji mafu, katikati ya mwezi mwandamo na mpevu, tofauti hupungua na kuogelea huwa kwepesi zaidi. Yeyote aliyekulia pwani anayajua haya bila kufundishwa, na mvuvi yeyote wa Jambiani angeyaeleza kwa dakika mbili. Lakini familia iliyotoka Dodoma, Nakuru au Kigali imelipia neno ufukweni na hakuna aliyeiambia itazame kalenda ya mwezi. Nungwi na Kendwa, kaskazini, haziathiriki sana kama huko kwa kuwa bahari yake ina kina karibu na pwani. Kati ya taarifa zote ambazo nyumba ya pwani ya mashariki ingeweza kutoa, ratiba ya maji kujaa na kupwa ndiyo yenye manufaa makubwa kuliko zote.

Kuhusu intaneti hakuna haja ya maneno mengi. Kuta za matumbawe zenye unene wa nusu mita huyazuia mawimbi ya redio, na kifaa kimoja kilichowekwa ukumbini hakifiki chumba cha nyuma. Anayehitaji kufanya kazi likizoni aulize juu ya chumba chake, si juu ya nyumba.

Kifungua kinywa ni suala la uzito mkubwa zaidi, kwa kuwa ndicho kinachoitofautisha nyumba ya aina hii na chumba cha kupanga. Orodha hukiandika kwa maneno mawili, kimo au hakimo, na chini ya neno kimo hufichwa vitu visivyolingana hata kidogo. Upande mmoja kuna boflo la jana, yai la kukaanga, soseji kutoka kwenye friji na kikombe cha maji ya moto chenye majani ya chai ya pakiti, mlo ambao mgeni angeupata popote duniani na ambao huandaliwa kwa kudhani kwamba kila mgeni ni mzungu, na kwamba kila mzungu anataka chakula cha kwao. Upande wa pili kuna vitumbua na chapati zilizotoka motoni, mkate wa ufuta, maharage ya nazi, samaki wa asubuhi, na chai ya tangawizi na iliki. Au, ukifika Lamu na Mombasa, mahamri na mbaazi za nazi. Mlo huo wa pili hununuliwa kwa mama wa jirani anayepika tangu alfajiri, hauhitaji friji, na fedha yake hubaki mtaani. Inasikitisha kwamba nyumba nyingi zimeuacha zikiamini kwamba zinajipandisha hadhi. Tena kuna jambo la saa: boti za kwanza za kwenda Dar es Salaam huondoka asubuhi na mapema, na kifungua kinywa kinachoanza saa mbili ni kifungua kinywa kilicholipiwa na kisicholiwa. Na kuna Ramadhani, mwezi ambao mikahawa mingi ya mji hufungwa mchana. Nyumba iliyo tayari kumwandalia daku mgeni anayefunga, na kumpa mlo wa mchana kwa staha mgonjwa, mtoto au asiyefunga, inatoa huduma ambayo hakuna kiyoyozi kitakachoifidia.

Hayo yote huishia kwa mtu. Uthabiti wa huduma katika nyumba ndogo ni kazi ya mwenyeji: ndiye anayejua tangi limebaki na maji kiasi gani, ndiye anayemwamsha fundi, ndiye anayemwambia mgeni apite uchochoro upi usiku, ndiye anayeamua kwamba bibi aliyekuja na wajukuu apewe chumba cha chini kwa sababu ngazi za nyumba za Mji Mkongwe ni za wima na za mawe. Ushahidi wa kwamba mwenyeji yupo ni rahisi kuupata: ni yeye kupokea simu na kujibu maswali kwa ukamilifu. Nyumba nyingi siku hizi humilikiwa na watu wanaoishi mbali na huachiwa kijana mmoja wa mapokezi asiye na ruhusa ya kuamua lolote. Orodha zao ni nzuri, na hakuna wa kuwajibika.

Watetezi wa mtazamo wa kuhesabu wana hoja tatu zinazostahili jibu. Ya kwanza ni kwamba orodha humlinda mgeni, kwa sababu kilichoandikwa kinaweza kudaiwa. Hoja hii ina ukweli, na hakuna anayetaka orodha zifutwe. Lakini ahadi ya kuwepo ni ahadi nyepesi, kwa kuwa mwenye nyumba anayedaiwa ataonyesha kiyoyozi kikiwa kimening'inia ukutani na neno lake halitakuwa la uongo. Ya pili ni kwamba tathmini za wageni waliotangulia, zinazojumlishwa kuwa alama moja, huziba pengo la orodha. Haziwezi kuliziba kikamilifu. Aliyelala chumba cha juu mwezi Julai, kusi likivuma, hawezi kumshuhudia atakayelala chumba cha chini mwezi Februari, wakati wa joto kali la kaskazi. Aliyefika siku za maji mafu ataisifu bahari ambayo wa bamvua hataiona. Na mseja aliyekuja kufurahia mji hakuhesabu ngazi ambazo mzee mwenye magoti mabovu atazipanda. Tathmini zinafaa zikisomwa kwa mwezi na kwa aina ya mgeni, yaani kuzisoma kwa kuipuuza ile alama ya jumla.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi, nayo inadai kwamba kumshauri msafiri wa Kiafrika aridhike na pangaboi na bafu la pamoja ni kumrudisha nyuma, wakati wageni wa Ulaya wanalala katika ubaridi. Madai hayo yanagusa jeraha la kweli, kwa maana watu wengi wa pwani hii walizuiwa kwa muda mrefu, kwa bei au kwa dharau, wasiingie katika hoteli zilizojengwa kwenye fukwe zao. Lakini haki ya msafiri huyo ni kupata thamani ya fedha yake, na anayelipia kifaa kisichofanya kazi amedhulumiwa bila kujali kifaa hicho ni cha kifahari kiasi gani. Mgonjwa wa moyo, mama mwenye mtoto mchanga na anayefanya kazi usiku wana sababu njema ya kutaka kiyoyozi, na hao ndio wanaohitaji kuliko wote kujua kama umeme wa akiba upo. Vilevile uzito wa huduma hubadilika na mahali: huko Lushoto, katika milima ya Usambara yenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, baridi ya Juni huyafanya maji ya moto na blanketi la pili kuwa jambo la lazima na kiyoyozi kuwa pambo. Mizani inayotoa alama sawa kwa kifaa kile kile Lushoto na Lamu haimheshimu msafiri wa rangi yoyote.

Wenye nyumba na jumuiya zao wana uwezo wa kuibadili hali hii bila gharama. Waandike katika matangazo yao saa ambazo maji hutoka na chanzo chake, idadi ya ngazi hadi kila chumba, upande ambao dirisha linatazama, kinachoendelea kufanya kazi umeme unapokatika na kwa saa ngapi, anayepika kifungua kinywa na kinaanza saa ngapi, na, kwa nyumba za mashariki ya Unguja, ratiba ya maji kujaa na kupwa kwa mwezi ujao. Mamlaka zinazotoa leseni zidai taarifa hizo kama zinavyodai vizima moto. Msafiri naye apige simu kabla ya kutuma fedha, ataje chumba anachokitaka na mwezi atakaokwenda, na aombe video ya bomba la chumba hicho likiwa limefunguliwa. Nyumba ambayo mwenyewe hawezi kuyajibu maswali hayo haistahili malipo ya awali, hata kama orodha ya huduma zake inajaza kurasa mbili.